Kabla hujaingia zamu: sikiliza waliotangulia wodini

Wadogo zangu mnaoanza wodi mwaka huu, mmezoea kusoma ninyi kwa ninyi, madaktari watarajiwa tu. Huku mtakuta sista, mkunga, tabibu, mfamasia na fundi wa maabara. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilihimiza wanafunzi wa fani mbalimbali wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao, na pamoja nao. Hilo la kujifunza kutoka kwao ndilo linalotushinda sisi madaktari.

Anzeni leba. Mkunga ndiye mwenye patografu, karatasi ya kuchora maendeleo ya uchungu: husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, hupima njia imefunguka kiasi gani kila saa 4. Katika patografu iliyozoeleka, mstari wa hatua, unaodai uamuzi ufanywe, uko saa 4 kulia kwa mstari wa tahadhari, unaoonya kuwa uchungu unakwenda polepole. Uchungu ukivuka mstari wa tahadhari naye akakuita, usisubiri ule wa pili. Mwulize, "Sista, wewe unaonaje?" Kisha nyamaza umsikilize, na daktari wa zamu apigiwe simu. Mkunga huyo amezalisha wengi kabla hujajua kushika glovu.

Maabara wakirudisha damu, msinune. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande. Ukishaijaza, igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Ukiitikisa, chembe hupasuka. Ombeni kukaa pale asubuhi moja mwone sampuli zinavyokataliwa.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Kila fani tunaifungia darasani kwake, mtihani hauulizi lolote kuhusu ushirikiano, halafu tunashangaa daktari mpya akimfokea muuguzi.

Vijijini hapa Uganda mambo hugeuka. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kwa kawaida huongozwa na tabibu mwenye diploma, na hapo ninyi ni wageni wake. Salimuni kwanza, ombeni kazi. Mkipangiwa Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Isingiro, wagonjwa wengi ni Wakongo wanaosema Kiswahili. Asiyekijua asijifanye; amtafute mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye mara nyingi anajua pia nani ameacha dawa na kwa nini.

Na muuguzi akikwambia, "Daktari, dozi hii sina hakika nayo," chukueni faili, pigeni hesabu ya uzito upya, wote wawili, kabla sindano haijavutwa.