Maswali ya Wasomaji: Kupiga Kambi Kando ya Bwawa la Jangwani

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Ninaishi Shela, Malindi. Mdogo wangu aliyehamia jimbo la Oregon, Marekani, ametualika mimi na wanangu wawili tumtembelee mwezi wa Julai, na ameshatuwekea nafasi ya kupiga kambi katika hifadhi ya Prineville Reservoir, ambayo anasema ni bwawa kubwa lililo katikati ya jangwa. Wanangu wamekulia ufukweni na wanaogelea vizuri, kwa hiyo kwa upande wa maji sina wasiwasi. Ninachohofia ni joto la jangwa, na pia namna ya kuswali mahali ambapo hakuna msikiti wala adhana. Naomba mnieleze tubebe nini na tujihadhari na nini.
Mama wa watoto wawili, Shela

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Tunakuomba uihamishe hofu yako. Joto la huko mtalimudu, kwa kuwa mmezaliwa na kukulia katika joto, lakini maji ambayo huyahofii ndiyo yanayotutia sisi wasiwasi, na baada ya maji ni baridi ya usiku.

Jangwa hilo halina matuta ya mchanga. Ni nyanda za mawe ya volkano, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, zenye vichaka vya kijivu vyenye harufu kali na miti mifupi ya mireteni iliyopinda kwa upepo. Ukavu wake unasababishwa na safu ya milima ya Cascade iliyo upande wa magharibi: mawingu yatokayo bahari ya Pasifiki huipanda milima hiyo, hupoa na kumwaga mvua huko huko, na upepo ukishuka upande wa pili huwa hauna tena cha kutoa. Mji wa Prineville hupata karibu milimita 250 tu za mvua kwa mwaka, ilhali sisi Malindi kwa kawaida hupata 1,000 au zaidi.

Bwawa lenyewe lilitokana na kuuzuia mto unaoitwa Crooked kwa ukuta wa udongo na mawe, Bowman Dam, uliokamilika mwaka 1961 ili kudhibiti mafuriko na kuwapatia wakulima maji ya kumwagilia mashamba. Jambo hili la wakulima ulishike vizuri, kwa sababu ndilo linaloyaendesha maji yale. Sisi tumezoea maji kujaa na kupwa, na hata mtoto wa Shela anajua bamvua ni lini. Kule hakuna kupwa wala kujaa kwa siku. Maji hujaa kwa theluji inayoyeyuka mwanzoni mwa mwaka, kisha hushuka polepole majira yote ya joto kadiri mashamba yanavyonyweshwa, na katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 yalishuka kiasi cha kuacha sehemu kubwa za kingo zikiwa matope matupu. Mahali ambapo mwaka jana mtu alisimama maji yakamfika kiunoni, mwaka huu panaweza kuwa tope laini linalomeza mguu hadi gotini, au jiwe lililojificha chini ya maji kidogo tu. Kwa hiyo wanao wasirukie maji kichwa mbele popote pale, hata wakiwaona wenyeji wakifanya hivyo.

Kuna mambo mengine ambayo bahari haikuwafundisha. Maji ya chumvi huubeba mwili, nayo maji ya mtoni yasiyo na chumvi hayaubebi kwa kiasi hicho, hivyo mtoto aliyezoea kujilaza chali baharini bila jitihada atashangaa miguu inazama. Bwawa lile ni bonde lililofurika, na ukingo wake ni ubavu wa mlima. Hatua chache kutoka kavu, chini pana kina kirefu. Tena joto la maji halilingani kutoka juu hadi chini. Mwezi wa Julai tabaka la juu hupata moto wa jua na kupendeza kuogea, lakini anayepiga mbizi hukuta chini yake maji ya baridi kali, na baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kukusudia, akiwa chini ya maji. Hapo umahiri wa kuogelea haumsaidii sana. Wavalisheni jaketi za kuokolea maisha, na mkipanda boti jambo hilo ni sheria: katika jimbo la Oregon kila mtoto mwenye umri wa miaka 12 au chini ya hapo lazima alivae chombo kinapokwenda. Jambo la mwisho kuhusu maji ni rangi yake. Mkiona sehemu imetanda utando wa kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, msiingie wala msiyanywe, kwa sababu mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Sasa baridi. Julai mchana huko hufika nyuzi 30 na zaidi, na alfajiri hushuka hadi 8 au 9. Hewa yetu ya pwani yenye unyevu ni blanketi linalozuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Hewa kavu haina blanketi hilo, na jua likishatua joto lote hupaa angani. Mtoto wa Malindi hajawahi kulala katika nyuzi 9 hata mara moja maishani mwake. Mwambie mdogo wako awatafutie mifuko ya kulalia iliyotengenezwa kwa baridi inayokaribia sifuri, pamoja na mkeka mnene wa povu wa kuweka chini yake, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Fulana za pamba zilizolowa jasho zivuliwe kabla ya kulala. Sweta za sufu ni bora. Kanga na vikoi vyenu vichukueni kwa wingi, vitafaa kwa kivuli mchana, na kwa kujifunika kichwa na shingo usiku. Nyundo nayo isisahaulike, maana ardhi ile ni ngumu na ina vijiwe, na vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema hupinda ukivisukuma kwa mguu. Alasiri upepo huvuma kwa nguvu, na hema ambalo halikufungwa hubingirika hadi majini.

Kuhusu joto lenyewe, hatari yake ni kwamba hamtalihisi. Malindi jasho hukutiririka ukajua unapoteza maji. Kule hukauka ngozini kabla hujaliona. Midomo hupasuka, pua za watoto huweza kutoka damu, na kichwa huuma jioni bila sababu inayoonekana. Wanywe maji kwa ratiba, wasingoje kiu. Mafuta ya nazi ya nyumbani yatawafaa sana kwa ngozi.

Katika suala la swala una bahati kuliko unavyodhani. Kutoka Malindi, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Kutoka Prineville, kwa njia fupi ya kuizunguka dunia, kibla ni kaskazini pia, kikiinama kama nyuzi 20 kuelekea mashariki. Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi tulio kusini kidogo ya ikweta hatuioni, kule husimama karibu katikati ya upeo wa macho na utosi, usiku kucha, bila kuhama. Tafuteni kundi la Dubu Mkubwa lenye umbo la upawa. Nyota mbili za ukingo wa bakuli la upawa huo, ulio mbali na mpini, zinaelekeza kwake moja kwa moja. Mkishaiona, nyosha mkono na ukunje ngumi: upana wa ngumi moja ni takriban nyuzi 10, basi shukeni wima kutoka kwenye nyota hiyo hadi upeo wa macho, na ngumi mbili upande wa kulia wa hapo ndicho kibla chenu. Mkitumia kompasi ya sindano, kumbukeni kwamba katika sehemu zile sindano haielekei kaskazini halisi, huinama mashariki kwa nyuzi 14 hivi, kwa hiyo kutoka kwenye sindano mtasogea kulia nyuzi 6 tu. Nyakati zitawasumbua zaidi kuliko mwelekeo. Mapema Julai mchana una zaidi ya saa 15, Magharibi huingia inapokaribia saa 3 usiku na Isha karibu saa 5, na Alfajiri hurudi haraka. Watoto walale mchana.

Na kwa kuwa mtakesha, tazameni juu. Mwaka 2021 hifadhi hiyo ilikuwa ya kwanza katika jimbo la Oregon kutambuliwa kimataifa kuwa mahali panapolinda giza la usiku, ambapo taa hufunikwa zisiangaze angani. Chagueni, ikiwezekana, siku za mwisho wa mwezi mwandamo au mwanzo wake, maana mwezi wa 14 huzifuta nyota nyingi. Msalaba wa Kusini hamtauona, na Nge, ambaye Malindi hupita juu ya vichwa, kule atatambaa chini kusini. Waelezeni wanenu kwamba Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka Ngomeni, jirani kabisa na kwao.

Mambo ya moto na chakula hayana mengi. Majira ya joto moto wa kuni hupigwa marufuku mara kwa mara, kwa sababu mireteni na nyasi kavu hushika haraka, hivyo bebeni jiko la gesi, na mwenye buibui asiinamie jiko katika upepo. Kuni, zikiruhusiwa, hununuliwa papo hapo ili wadudu waharibifu wasihamishwe. Nyama halali inunuliwe Portland, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na iwekwe kwenye sanduku la barafu. Watoto wasiingize mikono chini ya mawe, maana kuna nyoka mwenye njuga mkiani.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Lamu. Nimesikia kwamba katika mabwawa ya nchi za baridi watu hukaa juu ya maji yaliyoganda wakavua samaki. Je, ni kweli, na samaki hawafi?
Mvuvi, Lamu

JIBU: Ni kweli kabisa, ndugu yetu, na bwawa tulilolieleza hapo juu ni mojawapo, miaka ambayo baridi yake inatosha. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda, kwa hiyo barafu hutanda juu na samaki hubaki hai katika maji yaliyo chini yake. Mvuvi hutoboa tundu lenye upana wa sahani kwa keekee kubwa, hukaa juu ya kigoda, na kuteremsha mshipi mfupi wenye ndoana ndogo, akitafuta trauti na samaki wengine wa maji baridi. Barafu safi yenye unene wa sentimita 10 kwa kawaida humbeba mtu anayetembea. Hata hivyo barafu ya bwawa haiaminiki kama ya ziwa la asili, kwa sababu maji yakifunguliwa ukutani hushuka na kuiacha barafu ya kingoni ikining'inia bila kitu chini yake. Wewe unayeijua bahari kwa kuisoma utaelewa kwa nini wenyeji huuliza kwanza habari za ukuta kabla ya kukanyaga. Huko Oregon leseni ya kuvua ni lazima kwa kila aliyetimiza umri wa miaka 12.

SWALI: Sisi vijana wa Malindi hatuna nauli ya Marekani. Hakuna bwawa katika nchi kavu lililo karibu nasi?
Kijana wa Maweni

JIBU: Lipo Aruba, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, lililojengwa mwaka 1952 kwa kuuzuia mto Voi. Kutoka Malindi mtapitia lango la Sala, kando ya mto Galana, ambao ndio huo huo tunaouita Sabaki ukifika kwetu. Kuogelea kusahauni, na hata ukingoni msishuke kwenye gari isipokuwa pale panaporuhusiwa, maana maji yale ni ya tembo, viboko na mamba. Na miaka ya ukame bwawa huweza kukauka kabisa, kwa hiyo ulizeni hali yake kabla ya kuondoka. Kiingilio hulipwa kwa njia ya kielektroniki, si kwa pesa taslimu. Kambi ya umma iko Ndololo, upande wa Voi, na hapo msiweke matunda ndani ya hema, kwa sababu tembo hupita usiku na hunusa ndizi kutoka mbali.