Kundi lililonipokea sasa linanidai

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 15, niko kidato cha pili. Januari nilihama kutoka Sengerema nikaja kukaa kwa mama mdogo, Tabata. Siku ya kwanza shuleni niliambiwa nisome kwa sauti, nikatamka "kurara" badala ya "kulala", darasa zima likacheka. Wasichana wanne ndio walionionea huruma wakaniita nikae nao. Sasa wananitaka nipunguze sketi, nitoroke kipindi cha mwisho, na asubuhi nipande gari la kaka mmoja anayewapa lifti. Wiki iliyopita nilimfichia mmoja wao simu kwenye begi langu. Wanasema nikikataa nitarudi kuwa mshamba. Sitaki kubaki peke yangu. Nifanyeje? — Mgeni, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimesimama kwenye yale maneno uliyoyaandika karibu na mwisho, kwamba hutaki kubaki peke yako. Wasichana hao walikuita siku ambayo hakuna mwingine aliyekuita, na sitakuambia kwamba wema ule haukuwa wema. Hata hivyo, angalia jinsi deni linavyokua: walianza na sketi, wakaja na kipindi cha mwisho, sasa ni simu na gari la mtu mzima, na kila unapolipa, kinachofuata kinakuwa kikubwa zaidi.

Tuanze na simu, kwa sababu hiyo imekwisha kutokea. Unafahamu kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na mwalimu akiikuta kwenye begi lako, atakayeitiwa mzazi ni wewe, hata kama mwenye simu amekaa dawati la nyuma yako akitazama dirishani. Zaidi ya hapo, wenzako wanajua kwamba mama mdogo hajui, na siku utakayokataa jambo jingine wanaweza kukutishia kwa hilo hilo. Kwa hiyo mwambie leo, baada ya chakula cha usiku, kabla hujalala: "Mama mdogo, kuna jambo nimelifanya shuleni na linaninyima raha." Huenda akafoka. Mwache afoke amalize, kisha umwombe awe anakagua begi lako kila jioni, ili utakapoletewa simu tena uwajibu bila kusema uongo kwamba nyumbani unapekuliwa. Lawama na ziende kwake. Ni mtu mzima, anaweza kuzibeba.

Suala la gari ndilo linalonitia hofu zaidi, na sitaki kulijibu kana kwamba sijui hali ya usafiri wa asubuhi katika jiji hili. Nimewaona wanafunzi kituoni saa kumi na mbili, konda akiwazuia mlangoni kwa mkono na kutangaza kwamba anachukua wawili tu kwa sababu nauli yao ni ndogo, huku geti la shule likikaribia kufungwa na mwalimu wa zamu akiwasubiri wachelewaji. Katika hali hiyo gari lenye kiti kitupu linakuwa msaada wa kweli, na huyo kaka analijua hilo vizuri sana. Mwanamume mzima anayepita kila asubuhi kuwachukua wasichana wa shule bila malipo, asiye ndugu yao wala dereva aliyeagizwa na wazazi wao, iko siku atadai chake. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamtia jela miaka 30 mtu anayempa mimba mwanafunzi, lakini hukumu hiyo humkuta msichana amekwisha kuumia. Usipande, hata siku moja ya mvua.

Badala yake, mwombe mama mdogo akuongezee nauli kidogo ili ugeuze na gari, yaani ulipande likielekea mwisho wa njia, Segerea, na urudi nalo, upate kiti kabla halijajaa. Itakubidi uamke mapema zaidi, nami najua usingizi wa alfajiri ulivyo mtamu. Huyo kaka akianza kukufuata au kukutumia salamu, mwambie mama mdogo siku hiyo hiyo. Mnaweza pia kupiga namba 116, ambayo ni ya bure na imewekwa kwa ajili ya watoto, au kwenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu sketi sina mengi. Iache kama ilivyo, mama mdogo ameinunua kwa fedha zake.

Sasa turudi kwenye upweke. Huna haja ya kuwatangazia wasichana hao kwamba mmeachana. Wasalimie kama kawaida, ila kipindi cha mwisho kikifika, baki darasani. Watanuna, na wiki mbili hivi za kwanza saa ya mapumziko itakuwa ndefu. Mimi nilihamia Dar es Salaam nikitokea Lushoto, nikachekwa lafudhi yangu muhula mzima, na aliyekuja kuwa rafiki yangu alikuwa msichana mkimya aliyenikatia nusu ya muhogo wake wa kukaanga, wenye pilipili nyingi mno, bila kuniuliza jina. Tazama darasani kwako ni nani naye anakula peke yake. Mwezi wa Novemba mna Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, kwa hiyo wapo wanaotafuta mtu wa kufanya naye hesabu, na kumwomba mtu akueleze swali moja ni rahisi kuliko kumwomba awe rafiki yako. Nenda pia kwa mwalimu wa malezi, umweleze kwamba wewe ni mgeni na bado hujazoea. Si lazima umtaje mtu yeyote.

Ukishazungumza na mama mdogo, niandikie tena uniambie alisemaje.