Msimamo wa Ligi Hauna Siri Zote: Jibu kwa Wanaotaka Kuwa Wachambuzi

Kijana mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe baada ya kusoma niliyoandika kuhusu besiboli, kwamba ukijua timu ilifunga na kufungwa kiasi gani msimu mzima, unaweza kukadiria ilistahili kushinda michezo mingapi. Swali lake la kwanza lilikuwa la mkeka: je, ile hesabu inaweza kumsaidia Jumamosi? Nikamjibu hapana, nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa na la pili, na hilo ndilo limenifanya nikae niandike. "Kaka, kama kufunga na kufungwa ndiyo kila kitu, mbona kuna timu zinashinda mechi nyingi kuliko zinavyostahili?"

Hili ni swali la mtu mwenye akili. Na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto moja na mimi: siku moja ukae benchi la timu ya Ligi Kuu pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, kompyuta mapajani, kocha akigeuka akuulize wewe kwanza. Basi swali hili huwezi kulikwepa.

Mimi nililikuta kazini. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta, barabara ya kwenda Tunduma. Mwezi wa saba Mbeya baridi inakata, malori yamelala, huna la kufanya zaidi ya simu. Mpira wa kwetu saa hizo umeshalala, lakini Marekani ndiyo kwanza wanaanza: mchezo wa saa moja jioni New York huku kwetu ni saa nane usiku. Wa Seattle unaanza saa kumi na moja alfajiri, wakati dereva wa kwanza anagonga dirisha anataka dizeli. Sikuelewa sheria zote. Nilichopenda ni kwamba kila kitu kimeandikwa, bure, kuanzia karne iliyopita. Ukitaka kujifunza takwimu za michezo, nenda kwenye mchezo ulioandikwa.

Huko ndiko nilikokutana na jina la Bill James. Huyu bwana alianza kuandika uchambuzi wake akiwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha kusindika maharage, mji wa Lawrence, Kansas. Niliposoma hilo nilisimama pale kwenye pampu nikacheka peke yangu. Baadaye Boston Red Sox walimchukua kama mshauri kuanzia msimu wa 2003, na mwaka 2004 wakachukua ubingwa ambao hawakuwa wameuonja tangu 1918. Sisemi ni yeye peke yake aliyewapa. Nasema alikuwa mlinzi.

Kanuni yake ni nyepesi. Kwenye besiboli pointi inapatikana mchezaji anapozunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia. Mimi naita mkimbio. Chukua mikimbio yote ambayo timu ilifunga kwa msimu, izidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa mikimbio ambayo timu ilifungwa na wapinzani. Jumlisha majibu mawili, kisha gawanya lile la kwanza kwa jumla hiyo. Unapata sehemu ya michezo ambayo timu ilitakiwa kushinda, na kwa kuwa msimu una michezo 162, unazidisha kwa 162. Kwa sababu ya zile namba zinazozidishwa kwa zenyewe, wakaiita Kanuni ya Pithagora. Wapo walioirekebisha wakatumia kipeo cha 1.83 badala ya 2, inakaribia zaidi kidogo. Kwa kuanzia 2 inatosha, msinisumbue.

Timu nyingi huangukia karibu na jibu hilo, tofauti ya michezo minne hivi juu au chini. Halafu zipo zinazokataa kabisa.

Texas Rangers, 2016. Walifunga mikimbio 765, wakafungwa 757. Hesabu inasema michezo 82. Wao walishinda 95! Ukichimba unakuta hivi: michezo iliyoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 36, wakapoteza 11. Hapo ndipo pengo lote lilipojificha. Ushindi wa mkimbio mmoja kwenye msimamo una thamani ileile ya ushindi wa kumi na mbili bila, lakini kwenye hesabu ya mikimbio ni mbingu na ardhi. Timu inayoshinda kwa kamba nyembamba na kufungwa kwa aibu itaonekana mbovu kwenye hesabu na bingwa kwenye msimamo. Fainali ya 1960, ambayo huchezwa hadi michezo saba, ndiyo picha kali kuliko zote: New York Yankees walifunga mikimbio 55, Pittsburgh Pirates 27, na bado Pirates wakabeba ubingwa, michezo minne kwa mitatu. Yankees walishinda yao 16–3, 10–0 na 12–0. Raha tupu, kombe hakuna.

Sasa mtu atasema, lakini kushinda mechi za karibu si ni uwezo? Ni ukomavu, ni roho ya timu. Hoja hii ina kipande cha ukweli. Besiboli ina warushaji wa akiba, yaani wanaoingia kumpokea yule anayemrushia mpigaji mpira, na kocha anawapanga kwa hesabu. Ukiongoza kwa mkimbio mmoja unamleta aliye bora amalizie. Ukiwa nyuma 8–1 unamtupia mpira yule wa mwisho kwenye orodha, afungwe tu, wakubwa wapumzike. Kwa hiyo timu inaweza kuvuja mikimbio mingi kwenye michezo iliyokwisha kufa, na mikimbio hiyo ikaiharibia hesabu bila kuipunguzia ushindi hata mmoja.

Baltimore Orioles wa 2012 walisifiwa hivyo. Mmaliziaji wao, Jim Johnson, alilinda uongozi hadi mwisho kwenye michezo 51. Walishinda 29 kati ya 38 ya mkimbio mmoja, na iliyokwenda zamu za nyongeza kwa sababu ya sare walishinda 16 wakapoteza 2. Watu wakasema siri imepatikana. Mwaka uliofuata Johnson huyohuyo alimalizia michezo 50, karibu sawa kabisa, na timu ileile ikashinda 20 na kupoteza 31 kwenye michezo ya mkimbio mmoja. Roho ya timu ilikuwa imehamia wapi? Rangers nao 2017 walishinda 78 tu.

Upande wa pili wapo waliolaaniwa. San Diego Padres, 2023, walifunga 752, wakafungwa 648. Walistahili kama michezo 93, walipata 82. Michezo ya mkimbio mmoja walishinda 9, wakapoteza 23. Walitukanwa kila kona. Msimu ukaisha, wakambadilisha Juan Soto, nyota wao mkubwa, kwa wachezaji wa Yankees, na 2024 wakashinda 93.

Ila msikimbilie kutabiri anguko la kila mwenye bahati. Seattle Mariners 2021 walishinda 90 huku wamefungwa mikimbio 51 zaidi ya waliyofunga. Nilisubiri waanguke, na 2022 wakashinda 90 tena. Tofauti ni kwamba safari hii walifunga mikimbio mingi kuliko waliyofungwa. Timu yenyewe ilikuwa imekuwa nzuri kweli. Msimamo ulionyesha namba ileile miaka miwili, wakati chini yake kulikuwa na timu mbili tofauti.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma.

Timu ya mtaa wetu ilichukua ligi ya wilaya msimu juzi. Moja bila, moja bila, mbili moja, penalti ya dakika ya mwisho, tena moja bila. Halafu wanakwenda Mbalizi wanapigwa tano. Nilikuwa naandika kila goli kwenye daftari, na kwenye kikao cha kupanga msimu nikainua mkono. Nikasema timu hii si mbovu, lakini kwa magoli yake ni timu ya katikati, tusiuze beki wala tusimwachie kipa aondoke kwa kudhani tumefika. Katibu akasema mbele ya watu, "Mdogo wangu, mpira hauchezwi kwa kikokotoo." Ukumbi ukaangua kicheko. Mtangazaji mmoja akaipeleka redioni kama kichekesho cha wiki, akinitaja kama "profesa wa sheli". Mama yangu alisikia, akaniuliza kama ni mimi.

Msimu umeisha mwezi uliopita. Wamemaliza nafasi ya saba.

Sijaenda kumcheka mtu. Lakini nitasema ukweli, nililala vizuri.

Kwa hiyo nawashauri nini? Andika magoli. Yote. Si matokeo tu, magoli. Watu wanaandika "tumeshinda, tumefungwa" wanafikiri wamehifadhi kumbukumbu. Andika ngapi kwa ngapi, dakika ya ngapi, nani alikuwa nje kwa kadi. Kisha tenga mechi za goli moja, uzihesabu peke yake. Mpira wa miguu una sare na magoli machache, hivyo usiibebe kanuni ya besiboli nzimanzima. Anza na tofauti ya magoli, linganisha na pointi, na pengo likiwa kubwa uliza kwa nini kabla ya kusifu au kutukana. Na andika magoli.

Na ndugu zangu wa mkeka, nisikilizeni. Hesabu hii inaongelea msimu mzima. Mechi moja ya Jumamosi haiijui, kama Pirates hawakujua kuwa wamezidiwa mikimbio 28. Anayekuambia ana kanuni ya Jumamosi anataka hela yako. Vijana wa Mafinga, wa Tukuyu, wa Vwawa, mna vichwa vizuri mno kuvitumia kwenye karatasi za kubeti. Kazi hii inataka uvumilivu, inataka kuchekwa, inataka ukae na daftari wakati wenzako wanashangilia, na siku ukiwa sahihi hakuna atakayekumbuka kwamba ulisema. Uwe tayari kwa hilo au chagua kazi nyingine.

Katibu alinipigia juzi. Sauti ya upole kabisa, "profesa" sasa inatamkwa kwa heshima. Anataka nimsaidie kupanga usajili. Nimemwambia alete kwanza kumbukumbu za misimu mitatu iliyopita, na yale matano ya Mbalizi yawemo. Akasema yale hayakuandikwa, ilikuwa aibu. Bahati nzuri mimi ninayo.