Barua za Wasomaji: Njia ya North Horr Wakati wa Mvua

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kilifi, na nimepata uhamisho kwenda North Horr, katika kaunti ya Marsabit, ambako ninatakiwa kuripoti katikati ya Novemba. Nitasafiri na mwanangu wa miaka miwili. Wenzangu kazini wanasema siku hizi kuna lami hadi Moyale na kwamba safari haina taabu tena, lakini shangazi yangu, aliyeishi Isiolo zamani, anasema huko watu husafiri juu ya malori, kwa misafara inayolindwa na askari. Nimsadiki nani, na nijiandae vipi? — Muuguzi, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukubali kazi ambayo wengi huikimbia. Shangazi yako anasema yale aliyoyaona. Kabla ya lami, abiria wa Moyale walipanda malori ya mifugo na kukaa kwenye vyuma vya juu huku ng'ombe wakiwa chini yao, na safari ilichukua siku mbili au tatu, au zaidi ikiwa gari limeharibika. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ilikamilika katika miaka ya 2010, na tangu hapo basi linaloondoka Nairobi usiku hukufikisha Marsabit asubuhi. Weka kitambulisho chako mahali pa karibu, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi, na mvalishe mtoto sweta kabla hamjashuka: mji wa Marsabit uko mlimani, asubuhi hufunikwa na ukungu, na mtoto wa Pwani hajawahi kukutana na baridi ile.

Lakini wenzako wamesahau kwamba North Horr haiko kwenye barabara hiyo. Kutoka Marsabit utaelekea kaskazini-magharibi kupitia Maikona na Kalacha, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, katika njia ambayo sehemu yake kubwa haina lami, na hapo ndipo Novemba yako inaponitia wasiwasi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, yenye udongo wa mfinyanzi na chumvi. Kiangazi gari hupita juu yake kama linapita uwanjani, lakini mvua za vuli, ambazo huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba, huigeuza kuwa tope lisilo na mwisho. Wageni wengi hudanganyika kwa kutazama mbingu iliyo juu yao, ilhali maji yanayojaa Chalbi huteremka kutoka mlima Marsabit, mlima Kulal na vilima vya Huri, kwa hiyo njia inaweza kufungwa mahali ambapo halijadondoka hata tone moja.

Niliwahi kuipita njia hiyo nikiwa ndani ya lori la unga. Tulipofika ukingoni mwa Chalbi dereva alizima injini, akashuka, akatembea hatua kama hamsini mbele ya gari, kisha akakanyaga kwa kisigino kile kigaga cheupe cha chumvi. Kilipasuka, na kisigino chake kikatoka na tope jeusi. Hakusema neno, aligeuza lori, tukalala Kalacha usiku mbili, na hakuna abiria aliyenung'unika, maana wote walijua kwamba lori likizama pale, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, atachimba mchana kutwa na huenda lisitoke.

Kwa hiyo nakusihi usipange siku ya kufika North Horr. Panga siku ya kufika Marsabit, na uwaandikie wakubwa wako mapema kuwaomba wakuruhusu kuripoti hapo mjini endapo njia imefungwa. Ulizia pia katika idara ya afya ya kaunti kama kuna gari la kupeleka dawa, kwa sababu ndilo litakalokufaa zaidi. Likikosekana, lipia nafasi ya mbele kwenye lori au Land Cruiser, hata kama nauli yake ni kubwa, kwani mtoto wa umri huo hawezi kustahimili jua na vumbi la juu ya magunia. Beba dumu la lita 20 la maji yenu wenyewe, lisilo la kugawana na rejeta, pamoja na chakula cha mtoto cha siku tatu na dawa ya kuongeza maji mwilini, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Mizigo mizito iache Marsabit, itakufuata.

Na kabla ya kulipa nauli, mwulize dereva alitoka North Horr lini na alipitia wapi. Akikujibu kwamba hajapita huko tangu mvua ya mwisho, msubiri dereva atakayekuja kutoka huko, uyatazame matairi yake, ndipo uamue.