Fundi Ajibu: Rangi ya viatu kwenye gari na kanzu ya bwana harusi

SWALI: Ami, shikamoo. Nina Toyota Vitz niliyoinunua kwa mtu, ndani yote ni rangi ya chai ya maziwa. Plastiki za milango zimepauka na kujaa mikwaruzo, na pale pa kuegemeza mkono pamekuwa kahawia kwa jasho. Nilitaka ziwe nyeusi. Kakangu akanambia nisitupe pesa, akachukua kopo la rangi ya viatu akapaka milango yote minne. Ilipendeza siku mbili. Jumamosi tukambeba bwana harusi kwenda Mambrui, naye akashuka na mstari mweusi kwenye kanzu, kuanzia kiwikoni hadi kwenye pindo la mkono. Aibu niliyoipata naijua mwenyewe. Sasa nataka kuifanya kazi hii nyumbani kwa mikono yangu. Nianzie wapi?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kanzu, na kakako mwambie nimemsamehe, maana hata mimi nilianza na ujinga mkubwa kuliko huo. Nitaueleza mbele.

Rangi ya viatu ni nta iliyotiwa rangi. Ngozi huinywa, plastiki hainywi kitu, kwa hiyo inabaki juu ikingoja mtu wa kwanza mwenye nguo nyeupe. Kuitoa ndiyo kazi yako ya mwanzo. Chukua tapentaini kidogo kwenye kitambaa, ujaribu kwanza upande wa nyuma wa plastiki uone hailainiki, kisha futa mlango kipande kwa kipande, ukigeuza kitambaa kila mara. Usitumie thina. Thina inayeyusha aina kadhaa za plastiki, ukaja ukabaki na alama za vidole vyako humo milele.

Tapentaini ikishamaliza kazi yake, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, na mswaki mkuukuu. Plastiki ya gari haiko laini kama sahani, ina vijishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, na uchafu wa miaka umelala humo. Zungusha mswaki mpaka povu litoke jeupe. Suuza, kausha, halafu futa kwa alkoholi ya isopropili. Ile spiriti ya vidonda soma chupa yake kwanza, maana nyingine zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na mafuta ndiyo tunayokimbia hapa.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Gari za Malindi, hasa za kubeba watalii, zinapakwa dawa ya kung'arisha dashibodi kila Ijumaa. Ile dawa mara nyingi ina silikoni. Ukipuliza rangi juu ya silikoni inajikunja, inafanya vijicho vya duara kama macho ya samaki, na ile iliyoshika itaambuka kwenye kona. Mimi gari yangu ya kwanza kubadilisha rangi ilinifanyia hivyo. Niliosha mara moja tu, nikaona inang'aa, nikadhani ni safi. Kumbe ule mng'aro ndio ugonjwa wenyewe. Mwenye gari alirudi baada ya siku tisa na kipande cha rangi mkononi kama ganda la yai, akaniwekea mezani bila kusema neno. Nilirudia milango yote bure.

Kwa hiyo osha mara mbili, na ukiwa na shaka, mara tatu. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, uikandamize kisha uivute. Ikichomoka kama haikushika kitu, bado kuna mafuta.

Paneli, yaani ile plastiki ya ndani ya mlango, itoe kabla ya kupaka, usiipake ikiwa kwenye gari. Panua macho utafute skrubu zilizofichwa: moja hukaa nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya pa kuvutia mlango, zikiwa zimefunikwa kwa kifuniko kidogo. Zingine zote ni klipu za pembezoni. Liache gari juani nusu saa kwanza, maana klipu kuukuu ikiwa baridi hukatika kama biskuti, ikipata joto huwa na subira. Ingiza kijiko cha mbao kilichofungwa kitambaa kwa chini, usitie bisibisi, halafu vuta karibu na klipu yenyewe. Waya za vioo vya umeme na spika zichomoe taratibu kwenye viungo vyake. Skrubu ziweke kwenye vifuniko vya soda, kifuniko kimoja kwa kila tundu, na piga picha kila hatua. Usijiamini kwamba utakumbuka.

Ukiligeuza paneli utaona herufi zimechongwa nyuma kati ya vimishale viwili. Zikiwa PP, ujue ni ile plastiki yenye kiburi, rangi haitaki kuishika, na lazima upate praima ya plastiki, ile isiyo na rangi inayopulizwa kwanza. Plastiki ngumu za ndani ya gari nyingi ni za jamii hii. Zikiwa ABS, ni rahisi zaidi. Muuzaji akikuambia praima ni ya kupoteza pesa, mshukuru uende duka la pili.

Kabla ya praima, kwaruza kwa msasa namba 600 ukiwa na maji, kidogo tu, hadi mng'aro ufe. Usikwaruze mpaka vile vijishimo viishe, la sivyo utapata mlango wenye mabaka. Osha vumbi, futa tena kwa isopropili, na tangu hapo usishike kwa mkono mtupu.

Rangi yenyewe nunua ya kopo la kupuliza iliyoandikwa ni ya vinili, ile plastiki laini ya kufunikia viti, na plastiki. Ya vyuma na mageti iache, haina unyumbufu. Mimi huhesabu kopo moja la mililita 400 kwa milango miwili ya gari dogo, na huongeza moja la akiba, kwa sababu ukirudi dukani kesho weusi wa kopo jipya huenda usifanane na wa jana.

Sasa wakati. Wewe uko Shela, bahari iko pale. Alfajiri kuna unyevu, na rangi ikipulizwa kwenye unyevu hupata ukungu mweupe. Mchana plastiki inachoma na rangi inakaukia hewani kabla haijafika, mlango unakuwa kama msasa. Jioni kuna upepo na mchanga. Mimi hupuliza saa tatu asubuhi hadi saa tano, kivulini, nyuma ya ukuta, nimemwagia maji chini ili vumbi litulie. Na si chini ya mwembe wakati wa maua, niliwahi kutoa mlango wa kijivu wenye ndevu za manjano. Masika ya Aprili na Mei, ngoja siku kavu.

Tikisa kopo dakika mbili nzima. Shika umbali wa shubiri moja na kidogo. Anza kupuliza nje ya paneli, pita juu yake, malizia nje, usisimame katikati. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba hata uone bado chai ya maziwa inaonekana kwa chini, na uuache hivyo hivyo ingawa roho itakuuma. Ngoja dakika kumi hadi kumi na tano, au kopo lisemavyo. Mikono mitatu au minne itatosha. Vaa barakoa ya mafundi wa rangi, si ya kitambaa, na watoto wawe mbali.

Siku ya pili rudisha milango. Lakini usiifute kwa maji wala usimbebe bwana harusi hadi wiki ipite, rangi ikauke hadi ndani. Ile dawa ya kung'arisha usiitie tena. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Kuhusu weusi, mwanangu, mimi ningekushauri kijivu cha makaa. Cheusi kwa jua la hapa kinapata moto wa kuchoma mkono, na kila chembe ya mchanga inaonekana. Tena ukitamani kuendelea hadi dashibodi, uchague rangi isiyong'aa. Mteja mmoja alinitaka nimpakie juu ya dashibodi rangi ya krimu inayong'aa, nikampa. Aliendesha hadi Gede akarudi macho mekundu, kioo cha mbele chote kilikuwa kimejaa picha ya dashibodi. Ilinibidi niipake upya.

Mahali palipoandikwa SRS AIRBAG, iwe usukani au upande wa abiria, usipake, usikwaruze, usifungue. Ule mfuniko umetengenezwa upasuke mahali maalumu ili mfuko wa hewa utoke ajali ikitokea, na rangi inaweza kuuziba. Mikanda ya usalama nayo usiipake rangi yoyote, dawa za rangi zinadhoofisha nyuzi zake.

SWALI: Fundi, huku Lamu mjini hatuna magari, tuna punda. Mimi nina boti ya kubebea wageni kwenda Manda, na viti vyake vya vinili nyeupe vimekuwa manjano. Je, rangi hii ya gari inafaa?
Nahodha, Lamu

JIBU: Nahodha, punda wako hana klipu za kukatika, umenishinda. Rangi ya vinili inafaa, ila boti hulala juani mchana kutwa na chumvi juu, kwa hiyo usitegemee idumu kama ndani ya gari. Osha kwa maji ya kunywa, si ya bahari, mara mbili, na acha vikauke kabisa hadi kwenye mishono, maana chumvi iliyobaki mle huvuta maji ikasukuma rangi juu. Msasa kwenye vinili laini hapana, brashi na sabuni tu. Na bonyeza kiti kwa kidole gumba: vinili ikikatika mistari midogo, usinunue rangi, nunua vinili mpya umpelekee mshonaji.