Nilipozoea kujibu "sijambo"

Tarehe 6 Mei 2020, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, sisi wakazi tulikuwa tumeingia kumi la pili la Ramadhani, misikiti imefungwa, tarawehe zinasaliwa majumbani, na kafyu inaanza saa moja usiku, muda usiotimia hata saa nzima baada ya kufuturu. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi. Nilikuwa nimeachika miaka kadhaa kabla ya hapo, nikiishi peke yangu gorofa ya pili, huku mama na dada yangu wako Malindi, ambako sikuweza kwenda kwa kuwa Mombasa na Kilifi zote mbili zilikuwa zimefungiwa njia tangu Aprili.

Siilalamikii amri ile, maana maradhi ya korona yalikuwapo na watu walikuwa wakizikwa. Namwandikia mwanamke anayeishi peke yake, pamoja na jamaa zake wanaodhani yu salama kwa sababu kila akisalimiwa husema ni salama.

Upweke wangu haukuanza kwa kilio. Kwanza nilikuwa nikiamka saa nane za usiku, kabla ya wakati wa daku, moyo ukinidunda kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Kisha hamu ya kupika ikaniondoka, nikawa nafuturu kwa tende tatu na maji, nikijiambia kuwa nafuata sunna, ilhali ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu ya kuwasha jiko. Kila alasiri niliketi kusubiri taarifa ya Wizara ya Afya, nikahesabu wagonjwa wapya, na ilipomalizika nikaingia kwenye simu kutafuta habari nyingine za vifo, kana kwamba zile hazikunitosha. Haikupita muda nikawa nashinda na dera lile lile siku tatu, nne.

Lililonitesa zaidi lilikuwa aibu. Ramadhani ni mwezi ambao mtu hutarajia kupata utulivu, nami nilikuwa nikisali machozi yakinitoka bila sababu ninayoijua, nikajihukumu kuwa imani yangu imepungua. Dada yangu alinipigia simu kila siku, na kila siku aliniuliza, "Hujambo?" nami nikamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Salamu zetu ni za adabu sana, lakini jibu lake limekwisha kupangwa kabla swali halijaulizwa, anayezama hujibu sawasawa na aliyeketi ufukweni.

Aliyenigundua ni jirani yangu wa chini, mama mtu mzima. Nilikuwa na desturi ya kuteremsha kikapu kwa kamba dirishani ili kijana wa duka anitilie mkate na maziwa, na yeye akaona siku tatu kikapu hakijashuka. Akaniita kutoka barazani: "Mwanangu, hebu teremsha hicho kikapu!" Akatia sahani ya mkate wa sinia. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo siku ya pili nililazimika kuoga, kukuna nazi na kupika tambi. Sahani ile haikuniponya, lakini ilinisimamisha kiasi cha kuweza kupiga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Mshauri niliyezungumza naye hakuniambia nishukuru wala nivumilie. Aliniuliza nalala saa ngapi, nimekula nini, na kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Swali hilo la mwisho, ambalo jamaa wengi huliogopa wakidhani litampa mtu wazo baya, lilinipunguzia mzigo, kwa kuwa mtu alikuwa ameutaja waziwazi. Juni, Mji wa Kale ulipofunguliwa, nilimwona daktari, naye akaniambia nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nao ni ugonjwa unaotibika. Niliendelea na dua zangu na nikaendelea na matibabu, wala sikuona kimoja kinamfukuza mwenzake.

Kama unaishi peke yako, mteue mtu mmoja tu mkubaliane kwamba kwake hutajibu "salama" kwa mazoea. Taarifa za maafa zisikilize mara moja kwa siku, kisha zima. Usingizi ukikuhama na chakula kikakushinda kwa wiki mbili, usingoje ya tatu ndipo umtafute mtaalamu. Na ukijiwa na fikra za kujidhuru, usingoje hata kesho. Na wewe mwenye jamaa wa namna hii, usimhubirie subira kabla hujamsikiliza.

Dada yangu nilimweleza yote baadaye, akakasirika kwanza, kisha akalia. Tangu siku hiyo hanisalimu kwa "hujambo." Huniuliza nimepika nini, na nikisita kujibu, hakati simu.