Re: Klasi na objekti zilianzia Java?
Hapana mkuu, lugha ya programu ya Java ni mjukuu tu. Klasi unazouliza (violezo vya kuundia objekti, yaani vitu ndani ya programu) zilianzia Oslo, Norwe, kwenye lugha ya Simula. Waundaji wake, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, walitaka kuiga foleni kwenye kompyuta: mteja anafika, anasubiri, anahudumiwa, anaondoka. Simula ya kwanza, iliyojengwa juu ya lugha ya ALGOL 60, ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta ya UNIVAC 1107 kufikia 1965. Simula 67 ndiyo iliyoleta klasi na urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za nyingine. Lori na basi yana mengi yanayofanana, sasa kwa nini uandike kodi ileile mara mbili? Baadaye mwanasayansi wa kompyuta Bjarne Stroustrup aliitumia Simula akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akaipenda, ila ilimchosha kwa uzito wake, yaani programu zilikwenda polepole. Hapo ndipo lilipotoka wazo la lugha yake ya C++.